Methali kwa Vitendo

Jumatano, 17 Septemba

Rasharasha tangu asubuhi. Ukungu hadi mlangoni. Ng'ombe analia, majani hakuna. Elinipendo bado yuko Kiboriloni kwa kaka yake, mwezi wa pili sasa. Alisema amechoka kuishi na mume anayetumikisha wengine huku yeye amekaa. Mimi! Nimekula ndizi za jana, zimepoa, nikalia kidogo.

Lakini nimepata njia. Siku ya Mikaeli na Watoto, watoto wa shule ya Jumapili wataeleza maana za methali mbele ya usharika mzima. Mke wangu hajawahi kuikosa sikukuu hiyo. Akikuta ni mimi niliyewafundisha, atajua nimebadilika, atarudi. Nikaenda kwa Mwalimu Kornelia kujitolea. Alinitazama kama anayepima maziwa yaliyotiwa maji. Alikubali tu kwa sababu kifua kinambana.

Jumamosi, 20 Septemba

Kornelia hufundisha kwa picha. Picha! Methali huingia kwa vitendo. Leo tumeanza na ile ya umoja. Nimewapeleka shambani kwangu, kahawa imeiva hadi inadondoka. Wao wakachuma, mimi nikaeleza maana nikiwa kivulini. Wamechuma na mbichi. Mwalimu lazima avumilie.

Kindness, mjukuu wa Kornelia, miaka minane, aliuliza mbona mimi sichumi. Nikamwambia aliyekwisha kuelewa hahitaji mazoezi. Akatikisa kichwa polepole, kama bibi yake. Simpendi mtoto huyu.

Jumatano, 24 Septemba

Methali ya subira. Niliwaahidi kiburu cha ndizi chenye maharage mengi wakimaliza kukata majani ya ng'ombe. Wakakata, wakabeba, wakakaa kungoja. Sikuwa nimepika chochote. Kungoja ndiko somo lenyewe. Giza lilipoanza kuingia nikawaambia sasa wameelewa, waende makwao.

Ng'ombe ameshiba. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimepiga pasi shati la kanisani.

Jumapili, 28 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Elinipendo alikuja. Benchi la tatu, kitenge cha bluu. Aliponiona nimesimama na watoto, alitabasamu nusu. Nusu hiyo ilinitosha kabisa.

Kindness akawa wa kwanza. Akasema methali ya umoja maana yake ni watoto wachume kahawa, mwenye kahawa akae kivulini. Watu wakacheka. Ya subira, akaendelea, ni kuahidiwa kiburu halafu ukalale na njaa. Wakacheka zaidi, mchungaji naye akajifuta macho. Elinipendo hakucheka. Alichukua mkoba wake, akatoka kabla ya baraka. Nilipofika barabarani bodaboda ilikuwa imeshateremka naye.

Jumanne, 30 Septemba

Nimekata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo. Kwetu jani hilo halikataliwi. Likipigwa fundo na kupelekwa, aliyekosewa husamehe, apende asipende. Kwa nini sikulikumbuka mapema?

Shida ni kwamba mkosaji halipeleki mwenyewe. Lazima apatikane mtu wa kati, na Elinipendo anamheshimu mmoja tu. Nimempa Kornelia shikamoo mara mbili. Akaniuliza kama natafuta msamaha au mtu wa kukata majani. Nikasema sioni kwa nini visiende pamoja. Hata hivyo alilipokea jani.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kornelia amerudi. Elinipendo alilipokea jani kwa mikono miwili. Amenisamehe yote, hana kinyongo, ataniombea. Lakini harudi. Amesema isale inadai msamaha tu, haimdai mtu arudi zizini. Kornelia alikuja pia kuchukua nguo za mke wangu zilizobaki. Nimezifunga mwenyewe. Kanga moja nimeificha.

Nimekaa na ng'ombe hadi jioni. Inauma. Nimewaza sana ni wapi nilikosea, na nimepaona: ni umri. Mtoto wa miaka minane ameshakuwa na maneno mengi. Kesho naanzisha darasa la vitendawili, wa chekechea peke yao. Wana mikono midogo, lakini kahawa ya matawi ya chini wanaifikia.