Inchi Tatu za Sponji

Jumatatu, 10 Machi 2025

Ile sauti haijatoka kichwani. Leo siku ya tano. Jumatano ya Majivu nilikuwa natoka kanisani, majivu bado mabichi usoni, Padre Fulgensi akaipiga kiki pikipiki ndefu ya parokia ili akaage waumini wa vigango vya mbali kabla ya kuhama.

Du. Du. Du.

Siyo kama bodaboda, zile zenye mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Huu ni mlio wa kinu. Wa mwanamke mwenye mikono mizito, anayetwanga bila haraka kwa sababu anajua mpunga utakoboka tu. Akaingia kwenye dimbwi la getini, lile lililomeza bajaji mbili mwezi uliopita. Akatokea upande wa pili. Kanzu kavu!

Na jana kwenye matangazo: parokia inaiuza. Ofa ziwekwe kwenye bahasha kwa katekista, Mzee Stanislaus, zitafunguliwa Jumapili tarehe 23 mbele ya padre mpya. Sababu ya kuuza haikutajwa. Sikuuliza. Nani anauliza muujiza umetoka wapi?

Tarehe 24, siku moja baadaye, Bi Yunis wa mradi wa mbegu za mpunga anakagua pikipiki za waombaji. Nafasi ni moja, afisa wa vijiji vya Namwawala mpaka Mofu. Sharti: pikipiki yako mwenyewe, inayopita tope. Tumebaki wawili. Mimi nina shahada ya kilimo, akiba ya mpunga wa misimu miwili, na miaka miwili ya kumsaidia Mama kuanika. Amedeus ana stashahada na miguu.

Miguu mirefu mno.

Jumanne, 11 Machi

Nimejipima ukutani kwa rula na penseli. Kimo: sentimita 149. Kutoka kisigino hadi nyongani: 70. Siti ya pikipiki ya parokia: 86. Nimetoa. Nimerudia kutoa. Kumi na sita kila mara.

Siku nzima nimesoma kwenye simu mambo ya mtu mfupi na pikipiki ya porini. Aangalie urefu wa siti. Aangalie uzito, maana ikilala ni yeye atakayeiinua. Aangalie vipuri kama vinapatikana mjini kwake. Na wote, kutoka kila pembe ya dunia, wanasema neno moja: usinunue kwa moyo. Nimeliandika hapa kwa herufi kubwa. USINUNUE KWA MOYO. Nimepigia mstari.

Kisha nikachora ile pikipiki chini ya mstari. Nikaiwekea bendera.

Mama anasema ninunue bodaboda ya kawaida, mtaa wetu wa Viwanja Sitini umejaa, na miguu itafika. Nikamweleza kwamba tumbo la bodaboda liko chini sana, litakwama kwenye tope. Akaendelea kupepeta.

"Mwanangu, na mimi tumbo langu liko chini. Umewahi kusikia nimekwama?"

Jumatano, 12 Machi

Nimeijaribu. Nilimwamkia Mzee Stanislaus shikamoo mbili, ya kawaida na ya kuomba. Akaitoa stoo, akaishikilia, nikaipanda kutokea kwenye ngazi.

Juu kule! Niliona upande wa pili wa ukuta wa parokia. Niliona migomba ya watu. Niliona, nadhani, mustakabali wangu. Nikamwomba Mzee aachie.

Mguu wa kushoto ukaenda kutafuta ardhi. Haukurudi na majibu. Tulilala taratibu, mimi na pikipiki, kama watu waliokubaliana, ndani ya tuta la mchicha la akina mama wa WAWATA. Mzee Stanislaus aliukagua mchicha kwanza, kisha pikipiki, kisha mimi.

Na aliyekuwa ameegemea mlango wa stoo akisubiri zamu yake ni nani? Amedeus. Alipanda kama anavyopanda kitanda. Nyayo zote mbili chini, magoti yamekunjwa kidogo kwa starehe.

"Resti, kwako hii siyo pikipiki," akasema. "Ni ngazi."

Nimeweka bahasha yangu. Na yeye kaweka yake.

Jumamosi, 15 Machi

Suluhisho! Kwa nini kuipunguza pikipiki wakati ninaweza kuongezeka mimi? Fundi viatu wa sokoni ameniongezea soli za tairi kwenye gambuti. Tabaka tatu kila mguu. Nikasimama mbele ya kioo cha Mama. Niliona paji langu lote la uso, kwa mara ya kwanza bila kuruka.

Nimekwenda nazo kwenye majaruba ya Lipangalala kwa majaribio, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Hatua tano safi. Ya sita, gambuti la kulia likabaki kwenye tope. Ya saba, la kushoto. Mimi nikaendelea mbele kwa soksi, maana mwili ulikuwa umeshaamua.

Yalihitaji jembe kung'oka. Nimerudi na kimo changu cha kuzaliwa.

Jumatatu, 17 Machi

Sikulala. Kosa langu ni la kifalsafa. Tatizo siyo mimi. Tatizo ni siti.

Mpango: siti ya parokia imechanika pembeni. Mimi, muumini mwema, najitolea kuitengeneza, iwe sadaka yangu ya Kwaresima. Fundi siti, Omega, ataondoa sponji ya kutosha na kushusha shokapu. Pikipiki itafika chini kwangu. Na hapa ndipo ninapojivunia akili yangu: Amedeus akija kuikalia tena, magoti yatagonga masikio. Ataondoa bahasha. Nitabaki peke yangu!

Mzee Stanislaus aliguswa. Alisema vijana wenye moyo kama wangu wameadimika. Alisema atamwambia padre mpya, Padre Fridolin, akifika Ijumaa. Nikamwomba asinitaje, nikainamisha kichwa. Nadhani nilifanya vizuri sana pale pa kichwa.

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa mafundi. Nimeichukua kama ishara.

Omega alikata sponji kwa kisu cha mkate. Inchi tatu. Aliuliza mara mbili kama nina uhakika, kwa sababu sponji ni nzuri, ya zamani, hazipatikani siku hizi. Nikamwambia akate. Kipande kilichotoka akakiweka juu ya kabati lake. Alisema fundi hatupi kitu. Kisha akalegeza shokapu za mbele na kuzishusha, na za nyuma hivyo hivyo, akavalisha siti ngozi mpya nyeusi.

Nimekaa. Vidole vyote kumi vinagusa! Nilivihesabu. Nikazunguka uwanja wa parokia mara nne, nikasimama mwenyewe mara nne. Du. Du. Du. Machozi kidogo. Nimesema ni moshi.

Alhamisi, 20 Machi

Amedeus kaja. Nilikuwa nyuma ya groto la Bikira Maria, nikisali kwa macho wazi. Akakaa. Magoti yakapanda mpaka kwenye viwiko. Akajaribu kukata kona, usukani ukagoma gotini. Akashuka, akaizunguka, akaipima kwa kiganja.

"Mzee Stanislaus, hii nayo imefunga Kwaresima?"

Na akaomba bahasha yake. Akaondoka nayo! Nimenunua soda ya kujipongeza, nimekumbuka nimeacha soda kwa Kwaresima, nimempa Mama. Kisha nimekunywa nusu yake.

Jumapili, 23 Machi

Nitaandika kwa utulivu.

Padre Fridolin ni mfupi. Hanizidi hata kwa nywele. Kwenye mimbari wamemwekea kreti ya kusimamia, na bado tulimwona kuanzia kidevuni.

Mwisho wa misa akaomba tukae. Akasema yeye ndiye aliyeandika barua kwamba pikipiki iuzwe, kwa sababu aliijua, aliwahi kuijaribu, na miguu haikufika. Akasema alikuja Ijumaa akiwa amejiandaa kwenda vigangoni kwa baiskeli. Akaikalia kwa kuiaga tu.

"Ndugu zangu, nikafika chini."

Kanisa likacheka, likapiga makofi. Akasema haiuzwi tena. Akasema Mzee Stanislaus amemweleza yote, ingawa mtoaji alitaka kujificha, kama wafanyavyo watoaji wa kweli.

"Restituta asimame tumwone."

Nikasimama. Akasema nisimame. Nikasema nimesimama, Baba. Vigelegele. Mama alilia kwa fahari. Mzee Stanislaus akanirudishia bahasha yangu kwa mikono miwili, kama cheti.

Jumatatu, 24 Machi

Nilikwenda kwa Bi Yunis kwa miguu. Nikamwambia pikipiki yangu iko njiani, jambo ambalo ni kweli kwa namna fulani, maana kila pikipiki iko kwenye njia fulani.

Amedeus kaja na bodaboda ya mjomba wake, imeoshwa, inang'aa. Bi Yunis hakuiangalia. Alinyoosha kidole kwenye jaruba la mradi na kumwambia avuke. Mita kumi tu! Tope likajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likaacha kuzunguka, Amedeus akabaki katikati ya mpunga kama mlinda ndege. Tulisukuma watu watatu. Mimi nilisukuma kwa furaha kuliko inavyoruhusiwa.

Bi Yunis akatupatia fomu, kila mmoja yake, na wiki moja.

"Jumatatu ijayo saa mbili. Nataka pikipiki inayovuka pale, na mtu anayeipanda na kushuka mwenyewe. Huko Mofu hakuna wa kukushikia."

Wiki nzima! Mungu hajanisahau. Alikuwa anampatia padre kwanza.

Alhamisi, 27 Machi

Kiberege, na Omega. Kuna fundi pale, Valeriani, anauza pikipiki za porini zilizotumika. Alikuwa na mbili.

Nyeupe: ndogo, nyepesi, tairi za meno, madigadi ya juu. Siti sentimita 76. Nilikaa, nikagusa chini kwa vidole na nusu ya unyayo. Niliilaza makusudi, nikaiinua mwenyewe. Kadi safi, vipuri viko Ifakara. Bei inaniachia hela ya helmeti na koti la mvua.

Nyekundu: ndefu, ya zamani, tanki limebonyea. Siti sentimita 89. Bei inamaliza kila kitu.

Omega alisema nyeupe. Valeriani mwenyewe, mwuzaji, mtu mwenye kila sababu ya kunidanganya, alisema nyeupe. Nilifungua shajara hii mbele yao, nikawasomea ukurasa wa tarehe 11, ule wenye mstari. Tukakubaliana wote watatu. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya pochi.

Kwa heshima tu, ili nyekundu isijisikie vibaya, nikamwomba Valeriani aipige kiki.

Du.

Jumapili, 30 Machi

Iko nyumbani. Nyekundu. Omega aliiendesha kutoka Kiberege, mimi nyuma yake. Alipofika alifungua siti ili akate, akaifunga. Sponji imekwisha, chini ni chuma. Shokapu nazo zilishashushwa na mmiliki aliyetangulia. Inaonekana sisi ni ukoo.

Nyeupe imenunuliwa. Ijumaa asubuhi, na Amedeus. Ilikuwa chini kidogo kwake, akaenda kwa Omega kuinuliwa siti. Omega akakumbuka ana kipande kizuri juu ya kabati, cha zamani, hazipatikani siku hizi. Inchi tatu kamili. Nimemuuliza Omega kwa nini. Anasema fundi hatupi kitu, alishaniambia.

Haidhuru! Leo nimevumbua njia. Mama alipoondoka kwenda jumuiya niliisogeza pikipiki kwenye ukuta wa jiko, nikakileta kinu chake, nikakipindua, nikapanda juu ya kinu, na kutoka kwenye kinu nikapanda. Rahisi kabisa! Naona uwanja wote. Naona paa la jirani, na viatu juu yake, sijui vya nani. Nimeiwasha mara tatu. Mara ya tatu ukuta ulitetemeka, vifuniko vya sufuria vikajibu kwa ndani.

Ndipo kinu kikabiringika. Kimesimama kwenye banda la kuku.

Hiyo ilikuwa saa tisa. Mama anarudi saa kumi na mbili. Naandika haya nikiwa juu, bega limeegemea ukuta, daftari kwenye tanki, pale palipobonyea. Panafaa kama meza. Amedeus alipita nje ya ua na nyeupe, ameketi vizuri juu ya sponji yangu, akapunguza mwendo na kuuliza kama nahitaji mkono. Nikamwambia napima mizani. Akauliza nimeanza kuipima lini. Nikamwambia apite.

Kesho saa mbili tuko kwa Bi Yunis. Jaruba ninaliweza, hilo sina shaka, mashine hii itapita kama Padre Fulgensi kwenye dimbwi. Na fomu wala hainisumbui, niliipeleka Ijumaa. Palipoulizwa kama mwombaji anaweza kupanda na kushuka bila msaada wa mtu au kitu, nimeandika Ndiyo. Kwa wino. Nimepigia mstari.