Mashine Mbili na Debe la Maji

Lori lilikuwa limeshafungwa kamba. Juu yake kulikuwa na vitanda, kabati, na viti vya veranda vimelazwa miguu juu kama mbuzi wanaongoja kisu. Limesimama pale kwenye geti la shamba, upande huu wa Kalimoni ukitokea Ruiru, na dereva anapiga miayo. Bwana Kofia, mzungu mwenye shamba, alikuwa anahama Kenya. Kila Krismasi alitangaza kwamba anahama, na kila Krismasi wafanyakazi walimuaga vizuri, kesho yake wakamkuta kwenye kahawa akipiga kelele. Lakini safari hii mbwa walikuwa wamegawiwa watu. Hapo ndipo kila mtu aliamini.

Nicanor, mpishi wake, alikuwa ameketi kwenye benchi la Mama Jentrix, kibanda cha chai kilichogusana na geti. Mama Jentrix jina lake Apiyo, na chai yake ilikuwa nzito kiasi kwamba kijiko kilisita kabla ya kuzama. Mbele ya Nicanor kulikuwa na mashine mbili ndogo za kukaangia kahawa, za nyumbani, za kutumia gesi. Mtungi wa gesi uliotoka Thika. Na kopo la kahawa mbichi. Alivitazama vyote kama mtu anayetazama wakwe.

Mambo yalikuwa hivi. Memsahib wa Kalimoni, yule waliyemwita Memsahib Haraka kwa sababu gari lake lilipita kabla vumbi lake halijajua, alikuwa amenunua kwa Bwana Kofia mashine moja kati ya zile mbili. Ipi, hakujua. Aliteremka asubuhi, akamwambia Nicanor akaange kwa zote mbili, achague iliyo bora, yeye anakwenda Thika na akirudi ataonja. Nyingine ingeondoka na lori. Akiridhika, Nicanor ahamie Kalimoni na mashine yake. Asiporidhika, ana mpishi mwingine ameshamtazama. Bwana mpya wa shamba naye alikuwa anakuja na mpishi wake, na nyumba ya Nicanor ilikuwa ya shamba. Wilkister, mkewe, hakungoja matokeo. Alikuwa ameshafunga masufuria kwenye shuka, akauliza treni ya Kisumu inaondoka siku gani.

Na Nicanor hakujua kukaanga kahawa. Kupika mayai, kuoka mkate, kuficha chumvi iliyozidi, yote alijua. Lakini kahawa Bwana Kofia alikaanga mwenyewe, Jumapili asubuhi, akiwa amefukuza watu wote jikoni kama mtu anayetubu. Nicanor aliletewa unga tu.

"Sasa unaogopa nini?" aliuliza Boaz. "Kaanga."

Boaz aliendesha trekta la shamba, na jina lake la utani lilikuwa Tingatinga. Pembeni yake alikaa Kagwe, aliyeitwa Redio, maana alifagia stesheni ya Ruiru na kila gazeti lililotupwa na abiria lilipita mikononi mwake kabla ya kufungia nyama. Siku hiyo alikuja na gazeti lililosema kwamba si muda mrefu nyumba nyingi za Nairobi zitapika kwa gesi, kuni basi. Habari hiyo ilikuwa imewagawa tangu asubuhi. Boaz alisema moto usiokuwa na majivu si moto, ni mazingaombwe. Apiyo alitaka kujua wanawake watakutana wapi kusengenya kama hakuna kwenda kuni. Kagwe akasema gesi si ya mchezo, kuna mtu wa Thika alipiga chafya karibu na mtungi, ukalipuka, akaokotwa Gatuanyaga bado ameshika kijiko.

"Alikufa?" Apiyo akauliza.

"Hapana. Aliuliza chakula kiko wapi."

Hata hivyo kilichowatisha zaidi ya mtungi kilikuwa lile kopo. Mtu wa shamba akikutwa na kahawa mbichi, hata punje tatu kwenye mshono wa mfuko, askari hamuulizi ilifikaje. Nicanor aliwaeleza kwamba hii ni ya memsahib, ameiacha mwenyewe mchana peupe. Wakakubali. Lakini Kagwe alichukua kikombe chake akahamia mwisho wa benchi, na alipoulizwa alisema anakimbia jua. Kibanda kilikuwa na paa.

Ikadhihirika pia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinywa kahawa. Boaz alishangaa mwenyewe alipokuwa akisema. Ameichuma, ameibeba mgongoni, ameivuta kwa trekta mpaka kiwandani mtoni, amelala na harufu yake, lakini mdomoni haijafika. Kagwe alisema kwao wamezungukwa na kahawa kushoto, kulia, mbele na nyuma, na nyumbani wanakunywa chai. Hakuna aliyecheka sana.

Wakarudi kwenye mashine. Moja ilikuwa nyekundu, pipa dogo la chuma lenye mkono wa kuzungushia, rangi imebanduka. Ya pili iling'aa, ina dirisha la kioo na kitu kama uso wa saa, chenye mshale.

Kagwe alikuwa wa kioo moja kwa moja. "Mashine yenye saa ni ya watu wa maana. Hiyo nyingine ni debe limepata bahati."

"Saa ya nini? Kahawa inakwenda kazini?" Boaz akamjibu. Yeye alitaka nyekundu. Kitu chenye mkono, alisema, hakikudanganyi: kikifa unajua kimekufa. Hicho chenye mshale kinaweza kufa na mshale ukaendelea kukucheka.

Apiyo aliuliza hiyo ya kioo utaioshaje. Nicanor akaona aibu kwamba swali hilo la mpishi halikutoka kwake.

Mwisho wakakata shauri kila mashine ijaribiwe. Nyekundu aliichukua Boaz, kwa kuwa ndiye mwanasheria wake. Akafungulia gesi mpaka mwisho, kama anapanda mlima na mzigo, akazungusha. Moshi ukatoka. Kisha kahawa ikaanza kupasuka ndani, pa, pa-pa, pa, na Nicanor alipogeuka alimwona Kagwe amesimama mikono juu, kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, tayari kipo menoni.

"Ni kahawa, Kagwe."

Kagwe alikitoa kipande mdomoni polepole, akakipangusa. "Najua. Nilikuwa nanyoosha mgongo."

Boaz akamwaga. Punje zilikuwa nyeusi-nyekundu, zimevimba, zinafuka moshi. Ikaja harufu. Maua ya kahawa waliyajua, na maganda yanayooza mtoni waliyajua kuliko walivyotaka. Hii waliijua kwa mbali tu, kwenye dirisha la Bwana Kofia siku za Jumapili wakipita kwenda kanisani. Hata dereva wa lori akateremka.

Kisha Nicanor akaichukua ya kioo. Gesi aliiogopa, akaiwasha kwa moto mdogo wa kuchemsha maziwa ya mtoto. Aliisimamia kwa adabu, akichungulia dirishani. Hakikupasuka kitu. Haukutoka moshi. Alipomwaga, punje zilikuwa za rangi ya viatu vipya, zote sawa, zimetulia.

"Unaona tabia hiyo," alisema Kagwe. "Haina kelele. Haitukani mtu."

Lakini ipi ni bora? Nicanor alisema lazima zionjwe. Boaz akasema wataonjaje kitu wasichokijua ladha yake, itakuwa kama kumtambua mtu ambaye hujawahi kumwona. Wakakwama hapo kidogo. Halafu Boaz mwenyewe akapiga paja.

"Sisi ni watu wa kahawa au ni watu wa njugu? Pale kiwandani tunajuaje kahawa nzuri?"

Wote walijua. Kiwandani kahawa humwagwa kwenye maji. Inayozama ndiyo kahawa. Inayoelea ni takataka: tupu, imeliwa na wadudu, haina moyo, inakusanywa juu na kuwekwa kando. Hata mtu aliyeanza kazi jana analijua hilo. Nicanor aliona mzigo umemtoka kifuani. Kumbe muda wote huu kipimo walikuwa nacho.

Apiyo akaleta debe la maji. Ya kioo ikamwagwa kwanza. Ikazama yote, ikalala chini kama changarawe. Wakaiopoa, wakaipanga kwenye sahani juu ya kitambaa. Kisha ya nyekundu. Ikaelea yote. Hakuna hata punje moja iliyojaribu kwenda chini.

Boaz aliinama juu ya debe. Akatia mkono mzima akazisukuma chini kama mchungaji anayebatiza, akazishikilia hapo. Alipotoa mkono, zikaibuka.

"Umeua kahawa ya memsahib, omera, ndugu yangu," alisema Apiyo kwa upole.

"Mashine ndiyo imeua. Mimi nimezungusha tu."

Hapakuwa na ubishi tena. Boaz alibeba nyekundu yake mwenyewe mpaka kwenye lori, akaisokomeza kati ya viti akaifunga kamba. Nicanor aliifuta ya kioo, akaiweka mbele, pembeni yake sahani ya kahawa iliyozama. Alimwona Wilkister kwa mbali mlangoni, akampungia mkono kwamba mambo ni mazuri. Wilkister hakufungua shuka.

Zile zilizoelea Apiyo hakuzitupa. Alizikausha kwenye kikaango, akazitwanga, akazichemsha na maziwa na sukari kama chai, kwani hakujua njia nyingine. Kagwe akarudi katikati ya benchi. "Kahawa nzuri ina kesi," alisema. "Hii mbovu haina mwenyewe. Lete."

Wakanywa. Boaz alikunywa akatazama ndani ya kikombe, akakiinua tena. Dereva wa lori akaomba, akaongezwa. Muda si muda Kagwe alikuwa anasoma gazeti lote kwa sauti, matangazo ya kofia na yale ya dawa ya ng'ombe, bila kuvuta pumzi, na Boaz anamweleza Apiyo jinsi angeutawala mji wa Thika kama angepewa hata wiki.

"Kama takataka ni hivi," alisema Boaz, "hiyo nzuri wanainywaje bila kuruka ukuta?"

Nicanor alishika kikombe chake bila kukimaliza. Alikuwa anasikiliza barabara.

Memsahib Haraka alifika, vumbi likafika baadaye. Nicanor alisimama, akashika sahani kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba hii ndiyo iliyofaulu, na mashine yake ni hii. Memsahib akachukua punje moja akaiuma. Akaitema mkononi, akaitazama. Akachukua ya pili, akaitema ardhini.

"Hii mbichi," alisema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Na naloa."

Nicanor aliteremsha sahani. Aliliona lile shuka la masufuria akilini, na kituo cha treni, na mama yake mzazi akimuuliza imekuwaje. Lakini memsahib alikuwa ameinua pua. Akapita kando yake mpaka kwenye jiko la Apiyo, akafunua sufuria, akachota kwa kikombe cha mtu, akanywa. Akanywa tena. Kisha akageuka.

"Nani nakaanga hii?"

Sauti hiyo waliijua. Ndiyo inayouliza nani amevunja gia, nani ameacha geti wazi. Kagwe alipapasa kipande chake. Boaz alitazama viatu vyake. Boaz alikuwa na watoto, na trekta lilikuwa bado kazi yake, kama bwana mpya hataambiwa mabaya. Nicanor akafikiri: mimi nimeshaanguka, ya nini tuanguke wawili?

"Ni mimi, memsahib," alisema. "Kosa ni langu. Nilitia moto mwingi sana, ikaharibika. Hata maji yameikataa."

Memsahib alimtazama, akamalizia kikombe mpaka chini.

"Kesho saa moja, Kalimoni. Kuja na mashine."

"Hii ya kioo?"

"Ile nakaanga hii. Iko wapi?"

Wote wakageuka. Bwana Kofia alikuwa amemaliza kuaga mbwa, ameingia kwenye gari lake, na lori nyuma yake limeanza kutikisika. Boaz alikimbia kuliko walivyowahi kumwona akikimbia, akapanda nyuma, akapigana na fundo alilolifunga mwenyewe. Alirudi amekumbatia pipa jekundu, anahema, kamba imemzunguka shingo. Memsahib alikuwa ameshaondoka. Boaz akasimama. Kwa uso tu Nicanor alijua hesabu imemfikia.

"Nicanor. Hiyo kahawa si nilikaanga mimi?"

"Ni wewe."

"Sasa mbona kazi ni yako?"

"Kosa nilikiri mimi," alisema Nicanor, akampokea mashine.

Bwana Kofia alipanda meli Mombasa na hakusikika tena. Nicanor alifanya kazi Kalimoni mpaka memsahib naye alipohama. Kila Jumapili alikaanga kwa gesi iliyofunguliwa mpaka mwisho, kwa kuwa ndivyo alivyomwona Boaz akifanya. Wilkister alifungua shuka mwezi wa tatu. Boaz alihamia Thika, kiwandani, na mpaka alipostaafu alimweleza kila aliyekaa naye kwamba yeye ni mpishi aliyenyang'anywa kazi. Ile ya kioo, lori likiwa limeshakwenda, ilibaki kwa Apiyo. Alikaangia njugu hadi dirisha lilipopasuka, kisha kuku akatagia humo. Kibanda alikihamishia Witeithie, akakiacha kwa bintiye Jentrix. Kagwe alipata ruhusa ya kupanda kahawa yake. Aliipeleka yote kiwandani, akaitia kwenye maji kama inavyotakiwa, na nyumbani kwake walikunywa chai.