Maji Yanaishia Njiani

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Heru Juu

Kazi imepatikana! Saady, mwenye maduka Kasulu mjini, anajenga ghala la maharage juu ya mteremko wetu. Bati tayari, uwanja umeshindiliwa, bado zege. Anataka mtu afuate njia ya maji ya mvua kuanzia ghalani mpaka mtoni, aone kama yatamdhuru yeyote huko chini. Nikirudi na habari njema, zege linamwagwa na mimi nakuwa msimamizi. Felisiani, fundi mitaro, naye aliitaka kazi hii. Pole yake.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeteremka na jembe begani, uso wa kazi. Maji yana njia yao: nyuma ya ghala, kando ya migomba, kisha ua wa minyaa. Hapo nikasimama. Ua ni wa mama mkwe. Alikuwa nyuma ya nyumba yake, kanga kiunoni, anavundika mihogo kwenye kidimbwi. Mkwe mwenye adabu hapiti hapo. Nikageuka kabla hajaniona, jembe likaniponyoka, likagonga jiwe. Sijui kama alisikia.

Domitila, mke wangu, anasema nimwombe Felisiani apite, yeye si mkwe wa mtu pale. Felisiani! Heri nilale njaa. Akili ni nywele, na zangu zimejaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua kubwa mchana. Nilishajiandaa: nusu gunia la pumba za mahindi. Nikazimwaga kwenye maji pale ghalani, nikazunguka kwa barabara mbio mpaka darajani. Zikifika mtoni, maji yamepita salama. Zisipofika, yamenywewa na ardhi. Kwa vyovyote nimeshinda.

Nikasubiri, nimelowa chapachapa. Hazikufika. Nikampigia Saady, nikamwambia maji yanaishia njiani, amwage zege bila wasiwasi. Akanishukuru sana. Usiku nimekula vizuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Domitila amerudi kutoka kwa mama yake, macho mekundu. Maji yalituama nyuma ya nyumba mpaka ukuta wa chumba cha kulala ukaanguka. Mama mkwe alikuwa ametoka kuingiza kuku. Angekuwa kitandani, leo tungekuwa msibani. Mihogo yote imekwenda na tope, na ndiyo ilikuwa chakula cha nyumba ile mpaka mahindi mapya. Amehifadhiwa kwa jirani yake, Swaumu.

Mama mkwe anauliza ni nani aliyemmwagia pumba kitandani. Zimo jikoni, zimo hata kwenye sufuria. Domitila alipomaliza kunieleza aliniangalia, kisha akaliangalia gunia letu. Naona aibu, na naogopa.

Jumamosi, 8 Novemba

Saady amekuja mwenyewe. Zege amelisimamisha. Ukuta ataujenga yeye. Felisiani atachimba mtaro wa kuyapeleka maji upande mwingine. Felisiani hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi.

Nimekwenda kwa Swaumu kuomba radhi. Mama mkwe alikaa amenipa mgongo, kanga kichwani, kama desturi inavyotaka. Mimi nimeinama mlangoni. Akasema taratibu:

"Mkwe wangu, heshima yako imeniangushia nyumba. Ungebisha hodi tu, ningeondoka nikakupisha."

Nimelia njia nzima. Maneno yale sitayasahau maisha yangu yote.

Jumanne, 11 Novemba

Ukuta umeanza kupanda. Nakanyaga udongo wa tofali tangu asubuhi, mbali kidogo na nyumba, kwa adabu.

Jioni nimeufuata mtaro mpya kimyakimya. Sijatumwa. Felisiani naye ni binadamu, lazima kuna mahali amekosea, na nikipaona Saady atanirudisha kazini. Umenyooka vizuri mpaka kwenye ua wa shangazi yake Domitila. Shangazi alikuwa uani anaosha vyombo. Huyo naye ni mkwe. Nimegeukia hapo hapo.

Kosa la mwanzo nimelijua: pumba ni nyepesi mno. Kesho naenda kwa fundi seremala kuomba maranda.