Nilivyozifuta Leso za Biashara Street

Jamani, leo nimeadhirika. Tena nimeadhirika nikiwa nimevaa tai.

Kazi yangu mwaijua: naandika programu za kompyuta, kampuni hii miezi miwili, ile mitatu, nikimaliza naambiwa ahsante, kwaheri. (Kwenye kadi nimeandika "Mshauri". Ukweli ni kibarua mwenye kadi.) Sasa niko kwa Mzee Swaleh, anayewatolea mizigo bandarini wauzaji wa leso za kujifunga wa Biashara Street. Programu yangu ndiyo inayojua leso za nani ziko ghala gani. Leo asubuhi nduguze wawili walikuja kuiona, waamue kama wanipe mkataba wa kudumu. Mke wangu ameshaanza kuulizia makochi.

"Haya, Bwana Kazungu," akasema Mzee Swaleh, "hebu tuonyeshe."

Nikaonyesha. Mambo yakaenda vizuri mno. (Hapo ndipo ningefunga mdomo.) Ndugu mmoja, mwenye miwani, akauliza, "Na mashine ikiharibika, je?"

Jibu lilikuwa jepesi: kila jioni Bi Rukia, karani wetu, hutia kanda ya kuhifadhia nakala, na kompyuta humwambia, "Hongera, nakala imehifadhiwa." Ningesema hivyo tu, nikakaa. Lakini kiherehere! Nikasema, "Ngojeni niwaonyeshe."

Nikafuta kila kitu.

Makusudi! Mbele yao! Mizigo yote ikatoweka kwenye kioo. Bi Rukia akashika kifua.

"Yaallah! Kazungu, wafanyani?"

"Tulia, Bi Rukia. Nipe kanda."

Kanda ikaingia. Mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Kwenye kioo: kanda haina kitu. Nikajaribu tena. Haina kitu. Nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango uko wapi. Nikaitoa, nikaigeuza, nikasoma maandishi madogo ubavuni.

Ilikuwa kanda ya kusafishia mashine.

"Bi Rukia," nikanong'ona, "hii alikupa nani?"

"Si wewe!" akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa Bondeni. "Siku ya kwanza ukanambia, 'Tia hii kila jioni, usitie nyingine.' Sijatia nyingine!"

Kanda yenyewe ya nakala ilikuwa kwenye droo yangu, bado imo ndani ya nailoni yake. Na zile hongera? Niliziandika mimi. Sikuiambia kompyuta ihakikishe kwanza kama kuna kilichohifadhiwa; niliiambia itoe hongera tu. Kwa hiyo tangu nianze kazi hapa, kila jioni tunasafisha mashine na kupongezana.

Simu ikalia. Mwenye duka wa Biashara Street. Idi kubwa imekaribia, leso zake zi wapi? Wote wakanitazama. Mimi nikaitazama tai.

Afadhali Mzee Swaleh angenitukana! Alimwomba yule wa simu avute subira, akaweka mkono wa simu chini, akanimiminia kahawa mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu," akasema, kwa upole uliokaribia kuniua. "Karatasi za mizigo zimo makabatini. Utaziingiza upya, moja moja. Wewe, kwa mkono wako."

Yule nduguye mwenye miwani akauliza, kwa adabu kabisa, "Ndio mkataba wa kudumu wenyewe huu?"

Bi Rukia alitoka nje kucheka. Mlango hakuufunga.

Nawaandikia barua pepe hii kwa kuiba. Bi Rukia amerudi, amevuta kiti nyuma yangu, na kidole changu kikikaribia kitufe cha kufuta, anakohoa. Simu imelia tena, na wote wanajifanya hawaisikii ili niipokee mimi.

Tafadhali, jamani, msicheke. Makabati ni matatu, nami niko rafu ya juu ya lile la kwanza.