Mkaguzi wa Kabati la Vioo

Alhamisi, 6 Juni
Nimeamua kuwa mkaguzi wa mifumo ya kompyuta. Parameswary, mke wangu, anasema kwa umri wangu ningeanza kwa kukagua bomba la bafuni. Nimempuuza.

Jumapili ya wiki ijayo maktaba yetu sisi wakimbizi wa Jaffna tunaoishi mjini Woraiyur inachagua mwenyekiti. Tunagombea wawili: mimi na Mwalimu Kanthimathi. Mwenyekiti ndiye hushika ufunguo wa kabati la vioo, na ndani ya kabati mna vitabu vya marehemu baba. Tulipokimbia vita kwetu Point Pedro nilibeba hivyo, nikaacha nguo. Nilivitoa kwa maktaba kwa moyo mkunjufu, na tangu hapo sijalala vizuri. Kanthimathi ameahidi kwamba akishinda, vyote vitaazimwa. Watu wa hapa husoma huku wanakula mchuzi wa sambar.

Ijumaa, 7 Juni
Somo la kwanza la ukaguzi, bure, mtandaoni. Anayefundisha ni kijana wa Madurai mwenye sauti ya usingizi. Anasema mkaguzi haamini maneno, huomba ushahidi. Nimemwomba Parameswary ushahidi kwamba kahawa ina sukari. Nimeinywa ikiwa chungu.

Mpango wangu ni huu. Programu ya kuazimisha vitabu aliiandika Kanthimathi mwenyewe. Ni programu huria: matumbo yake yako wazi, na yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyanakili, hata kuyarekebisha. Anajivunia sana jambo hilo. Basi aliyeacha mlango wazi asilalamike nikiingia. Nitatafuta kasoro, nizianike kwenye ukurasa wa programu, kisha nisome ripoti mkutanoni. Nani atamchagua?

Jumapili, 9 Juni
Kasoro ya kwanza imepatikana. Mzee Nadarajah, aliyefariki kabla ya korona, bado ana ruhusa ya kuazima. Nimeandika hadharani kwamba maktaba hii inahudumia makaburi. Nikala idli zangu kwa raha, nikarudi kuona akijitetea.

Ameandika: asante sana, kaka Ponnuthurai, jicho lako halijazeeka, endelea.

Huyu mama ana hila.

Jumatatu, 10 Juni
Kasoro nyingine. Wahudumu wote wanatumia neno la siri moja, na neno lenyewe ni Murugan, jina la mungu wetu. Katika mji huu, hilo si siri, ni salamu. Vilevile, mwenye kuchelewesha kitabu anaweza kujiongezea siku mwenyewe. Nimeyaandika yote kwa ukali.

Nimeshukuriwa kwa yote. Mtu wa Bishkek, simjui, ambaye maktaba yao ya mbali inatumia programu hii, ameongeza kwamba wanatamani kupata jicho kama langu kwao. Nimemsomea Parameswary. Ameuliza kama huyo wa Bishkek ana kura Woraiyur.

Jumatano, 12 Juni
Nimekutana na Kanthimathi kwa muuza maua. Akanichokoza mbele za watu. Kulalamika, kaka, ni rahisi kama kutema tambuu, alisema, kurekebisha je? Muuza maua akacheka. Nikamwambia asubiri aone.

Nimeshinda mchana kutwa nikipambana na ile kasoro ya kujiongezea siku. Mara ya kwanza maktaba nzima ilionekana imeazimwa na mimi. Mara ya pili ikakubali. Nikatuma marekebisho, Kanthimathi akayapokea, na sasa jina langu limo kati ya watengenezaji, chini kidogo ya lake. Nimemwonyesha Selvam wa duka la chapati za dosai. Nimemwonyesha tena nilipokwenda kulipa.

Ijumaa, 14 Juni
Wazo limenijia katika somo la nne. Kanthimathi akisikia nina ripoti, ataandika yake ya kuisifu programu. Lazima nimzibe mdomo mapema. Nimependekeza kwa kamati kanuni hii: aliyeshiriki kutengeneza kitu asisome ripoti ya ukaguzi wa kitu hicho. Kijana wa Madurai anaita hilo uhuru wa mkaguzi. Kamati imepitisha bila ubishi. Kanthimathi mwenyewe aliunga mkono, tena kwa tabasamu. Maskini, hajui kilichompata.

Jumapili, 16 Juni
Nilisimama. Nikavaa miwani. Nikakohoa kidogo, kama wafanyavyo wakaguzi.

Kanthimathi akainua mkono. Kwa upole akauliza: kwani kaka si mtengenezaji mwenzangu? Nikasema hapana, ni jambo dogo tu, mstari mmoja. Selvam akadakia kutoka nyuma: acha hizo, mzee, si ulinionyesha mara mbili?

Ripoti haikusomwa. Mtu akauliza kama programu ni salama sasa. Kanthimathi akajibu kwamba kasoro zote zimeondolewa, shukrani kwa Ponnuthurai. Nikapigiwa makofi marefu. Nilikuwa bado nimeinua mkono kuwapungia, wanaomtaka Kanthimathi wakaambiwa wainue mikono, na mkono wangu ukahesabiwa kwake.

Kanthimathi alishinda, akafungua kabati palepale. Kitabu cha kwanza akaniazima mimi. Nilikifungua, nikasikia harufu ya sanduku letu la mti wa mvumo kule Point Pedro, na kwa muda nikawa sipo Woraiyur. Kisha akanikumbusha nikirudishe kwa wakati. Sasa hakuna namna ya kujiongezea siku.

Jumatatu, 17 Juni
Nimesoma sheria ya programu huria neno kwa neno. Yeyote anaweza kuinakili yote na kuanzisha yake! Yaani naweza kufungua maktaba yangu, katika kabati letu la sebuleni, kwa programu ileile, nikafuta orodha ya vitabu vya Kanthimathi na kuweka yangu. Mwenyekiti mimi, mkaguzi mimi, ufunguo mfukoni mwangu.

Parameswary amesema maktaba bila wanachama ni kabati tu. Nimemwandikisha. Akauliza mwenyekiti hupatikanaje. Nikamwambia kwa uchaguzi, bila shaka, sisi si wahuni.

Ametangaza kugombea. Ahadi yake ni kuuza kabati na kutengeneza bomba la bafuni.

Hana habari anashindana na nani. Asubuhi hii, alipokwenda sokoni, nimeanza kukagua simu yake. Tayari nimeona kasoro moja, haina neno la siri, na nimewaandikia dada zake wote kuwajulisha.