Dosie Sita za Zorobabel

Jumatatu, tarehe 12 Mei. Bulengera, Butembo.
Siku mbaya. Joyeuse, anayechora sura za tovuti zetu hapa Butembo, ameomba namba ya Halima, anayeunda programu zake huko Beni. Wanataka kuzungumza wenyewe! Miaka miwili nawaratibu mimi, kila kitu kimepita mikononi mwangu. Wakizoeana, mimi nitakuwa nani? Nimemwambia Joyeuse namba imepotea.

Mchana, wazo! Ijumaa tunafungua tovuti ya ushirika wa kakao wa Mabalako. Dosie zake zote, folda za kwenye kompyuta, nimezipa majina ya uzazi. Kwetu Wanande mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, kisha Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa. Ukurasa wa mwanzo: Paluku. Picha: Kambale. Bei: Kasereka. Rangi: Kakule. Nani ana nini tumboni, najua mimi peke yangu. Anayetaka kitu atapita kwa Zorobabel.

Jumanne, tarehe 13.
Raha. Simu kumi na moja kabla ya adhuhuri. Halima aliuliza rangi ziko wapi. Kwa Kakule. Joyeuse, tunayekaa naye meza moja, aliuliza picha za miche. Kwa Kambale, bila shaka. Alinung'unika kwamba nusu ya siku anatafuta, nusu anachora. Nikamwambia mfumo mzuri unataka subira.

Jumatano, tarehe 14.
Mama Kavuo, mwenyekiti wa ushirika, anataka ukurasa mpya wenye sura za wakulima, utangulie kurasa zote. Utangulie! Nani alizaliwa kabla ya Paluku? Nimewaza mpaka chai ikapoa. Mwishowe ukurasa mpya nimeuita Paluku, na wengine nimewasogeza wote. Paluku sasa ni Kambale, Kambale ni Kasereka, hivyo hivyo hadi chini. Mbusa alikosa jina, nikamlaza ndani ya dosie ya kaka yake. Halima sikumwambia. Angeuliza kwa nini.

Alhamisi, tarehe 15.
Msiba. Programu za Halima bado zinaita majina ya zamani. Ukurasa wa bei umejaa miche, penye wakulima ni peupe. Mama Kavuo amenikumbusha kwamba wanunuzi wataifungua tovuti kesho saa nne. Wasipoona kitu, msimu huu wakulima watarudi kwa walanguzi. Hapo niliogopa kweli, na si kwa ajili yangu tu. Nikampa Joyeuse namba. Akapiga, na sauti ya Halima ikasikika meza nzima:

"Zoro, dossier hapana mutoto. Tunataka mutu akiona jina tu, ajue kama ni nini iko ndani."

Wakaanza kazi. Baada ya saa moja walikuwa wanacheka pamoja, nami nimekaa hapo hapo.

Ijumaa, tarehe 16.
Imefunguka saa tatu na nusu. Mama Kavuo amewashukuru wote. Dosie ni nne: kurasa, picha, rangi, programu. Joyeuse anagusa zake, Halima zake, hakuna anayeuliza mtu. Simu yangu haikulia. Niliitazama mara nyingi. Nimejiuliza kama miaka yote miwili kazi yangu ilikuwa kuwachelewesha. Inauma, nakiri.

Jumamosi, tarehe 17.
Wameniheshimu! Wameongeza dosie ya tano, jina lake Zorobabel. Joyeuse amesema niweke humo ninachopenda. Halima ameagiza kwa herufi kubwa mtu asiiguse, na tovuti yenyewe haiiti dosie hiyo kabisa. Zao huitwa kila dakika, yangu imeachwa itulie. Asubuhi hii nimeweka ndani yake dosie sita: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa. Jumatatu naanza na majina ya mabinti.