Mbuzi ya Christine Iliyokufa Mara Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mbuzi moja ya Christine imekufa! Ilimeza gunia huko sokoni. Nimelia. Yeye yuko Kakuma, mbuzi zake namchungia mimi hapa Lodwar, na zote ni mahari ya kijana yake, Ebei. Lazima asikie kwangu, kabla jirani yangu Jelagat na mdomo yake hajafika. Nikamwandika "Christine" na kutuma kwa ule mtambo wa meseji ya chama chetu cha akina mama. Byron wa saiba, yule wa kompyuta za kulipia, alisema simu ikiwa imezimwa, mtambo unamwekea mtu habari mpaka awashe. Akili hiyo!

Jumanne, 4 Machi

Christine kimya. Mtambo umesahau? Nikamwandika tena, namba ile ile, jina "Christine Kakuma". Nikatuma. Kimya. Nikamwandika "Mama Ebei". Nikatuma. Sasa hata ajifiche wapi, itampata.

Alhamisi, 6 Machi

Wueh! Christine alipata moto ya kuchaji simu. Meseji zikamwagika zote pamoja. Pole dada, mbuzi imekufa. Pole dada, mbuzi imekufa. Pole dada, mbuzi imekufa. Akahesabu maiti tatu! Akakimbia kuambia mzee Erupe, baba ya msichana, mahari imepungua. Erupe akasema basi, harusi hakuna. Christine amenipigia akilia, akaniuliza kama nilikuwa nachunga ama nachinja. Nikaapa ni moja tu. Akasema sasa Erupe atamwona mwongo. Rafiki yangu wa tangu ujana!

Ijumaa, 7 Machi

Byron amecheka mpaka akashika meza. Ati kila jina ni kama ndoo yake chini ya bomba. Majina tatu, ndoo tatu, na zote nimemwagia mtu mmoja. Akaniambia mtu mmoja, jina moja, halafu nitulie. Nikamjibu hiyo najua, kwani mimi ni mjinga? Tukafuta majina mbili. Jelagat ashasikia. Ananiita daktari wa mifugo.

Jumapili, 9 Machi

Mungu yupo! Christine amembembeleza Erupe, amekubali. Mradi ile iliyokufa nilipe mimi. Haki yake. Natoa mbuzi yangu ya maziwa, sina ingine. Ila mzee anataka nimwambie mwenyewe, wazi, ni ngapi naleta, maana amechoka na hesabu ya wanawake. Nikaandika: Mzee, nakuletea mbuzi moja. Simu yake imezimwa! Hapa si pa kubahatisha, harusi ya mtoto wa watu. Nimemwandika "Erupe". Nikamwandika "Mzee Erupe". Nikamwandika "Baba ya Bibi Harusi". Zote nimetuma. Kesho napanda Kakuma na mbuzi yangu, roho safi. Mzee atakuwa anajua kabisa naleta ngapi.